Njia ya Mawe Saa Tisa Alasiri

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuandika kwamba watu kumi na wanne, wengi wao wazee, wangevuka kwenda kisiwani kwa miguu saa tisa alasiri. Niliandika kwa herufi nzito. Chini yake nikaongeza kwamba wavae viatu visivyoteleza, kwa sababu mimi ni mtu wa kufikiria kila kitu.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kipo pwani ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Juu yake kuna ngome, na kati ya ngome na kijiji cha ufukweni kuna njia iliyotandazwa mawe. Nilikuwa nimeitazama njia hiyo kwenye simu mara nyingi kuliko nilivyoutazama uso wangu kwenye kioo. Nilijua inapokunja na mahali ambapo mawe yake yamechimbika. Nilichagua saa tisa kwa sababu katika video moja jua la saa hiyo lilikuwa linaipiga ngome kwa upande, na nilitaka picha za wateja wangu zitoke vizuri. Jambo moja tu sikuliangalia. Kila siku, kwa saa nyingi, njia ile huwa chini ya bahari.

Anayetaka kucheka acheke. Mimi nimezaliwa Murang'a. Maji ninayoyajua mimi ni mto unaoshuka kutoka mlimani, na ukiuona mto umepanda unajua mvua imenyesha huko juu. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza hapa Dubai, na kwa kuwa sikuwahi kukaa ufukweni zaidi ya nusu saa, niliamini kwamba ilipo leo ndipo itakapokuwa kesho.

Kabla ya kazi hii nilikuwa mlinzi wa jengo moja la mtaa wa Al Mankhool. Ofisi ya utalii ilikuwa chini kabisa, mlango wa pili kutoka kwenye meza yangu. Wateja waliosubiri zamu yao walikaa kwenye viti vya ukumbini na wakiondoka waliacha vijitabu vyenye picha. Nilianza kuvisoma ili nisisinzie. Baadaye nikawa navisoma kwa sababu sikuweza kuacha. Nilijifundisha pwani mbili, ya kusini mwa Uingereza na ile ya Ufaransa inayotazamana nayo, kijiji kwa kijiji, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Sikuwa na mwalimu wala cheti. Nilikuwa na daftari tano.

Siku moja mteja aliyekuwa akisubiri alimuuliza mkewe kama feri ya kutoka Plymouth kwenda Roscoff inachukua saa ngapi. Nikajibu kabla sijajizuia. Nikaongeza waketi upande gani ili waione pwani vizuri meli inapotoka. Mwenye ofisi, mama mmoja wa Kihindi kutoka Kerala ambaye sote tulimwita madam, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umewahi kufika?"

"Hapana, madam."

"Basi nani amekwambia?"

"Nimesoma, madam."

Aliniuliza maswali mengine matatu palepale, mawili nikayajibu. Miezi miwili baadaye nilivua sare ya ulinzi, nikapewa meza na majaribio ya miezi mitatu. Nikishinda majaribio, kitambulisho changu kingeandikwa mpangaji wa safari. Nikishindwa, kampuni ya ulinzi ilikuwa imekubali kunirudisha, ila siyo Al Mankhool. Wangenipeleka kwenye ghala huko jangwani ambako hakuna kitabu wala kijitabu. Nyumbani nilikuwa tayari nimemtumia mama picha yangu nikiwa nimevaa tai.

Kazi niliyokabidhiwa katika majaribio hayo ilikuwa moja. Familia ya Wazanzibari wa Deira, walioishi hapa tangu kabla sijazaliwa, walitaka ziara ya siku kumi ya pwani za Uingereza na Ufaransa, na walitaka maelezo ya kila mahali kwa Kiswahili. Vijana wao walikuwa na Kiingereza cha shule, lakini ziara ilikuwa ya wazee. Mwenzetu mmoja wa ofisini angesafiri nao kushughulikia hoteli na mabasi. Mimi ningebaki Dubai, ila ningeandika ratiba na kurekodi maelezo kwa sauti yangu, kituo kwa kituo, wasikilize kwenye simu zao.

Nilirekodi vipande thelathini na kimoja ndani ya kabati la nguo, katika chumba tulichokuwa tukilala watu sita. Kipande cha majabali meupe ya Dover nilikirudia mara arobaini na kitu. Nikikohoa nafuta. Nikivuta pumzi kwa sauti nafuta. Wenzangu wa chumbani wakawa wanaingia wakisema wao kwa wao, "Nyamaza, Uingereza iko kabatini." Vilipokamilika niliitumia familia ile ivisikilize.

Sasa nieleze desturi ya madam, kwa sababu bila hiyo ningewapeleka wazee wale baharini kweli. Madam hauzi ziara mpaka aliyeipanga aende nyumbani kwa wateja, atandike ramani sakafuni, na aitembee safari yote mbele yao kwa mdomo, siku ya kwanza hadi ya mwisho. Yeye hukaa pembeni na kutazama nyuso. Baada ya hapo ratiba husainiwa, na badiliko lolote, hata la chai, lazima liwe na sahihi ya mteja na yake mwenyewe. Anasema mtu akisoma karatasi hukubali kila kitu, lakini akiambiwa ainuke kitini hukumbuka goti lake.

Nilichapisha ramani yangu kwenye kitambaa, na fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Satwa akanipigia pindo kuzunguka kote. Aliniuliza kama ni ya kitanda cha mtoto. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu kueleza kungechukua muda.

Sebule ilikuwa kubwa, yenye mito ukutani na harufu ya udi. Aliyelipia ziara alikuwa binti wa nyumba, mwanamke wa makamo mwenye kazi benki. Lakini mwenye neno alikuwa mama yake, kizee mwembamba aliyekaa karibu kabisa na ramani huku miguu ameinyoosha juu ya Uingereza. Kando yake alikaa kaka yake, mzee aliyekuwa na duka la viungo Al Ras kwa miaka mingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwenye simu? Sauti yako kubwa kuliko mwili."

"Huyu wa bara huyu," kaka yake akasema. "Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi."

Wakacheka, nami nikacheka, na kwa kweli niliona raha. Niliwatoa London nikawafikisha Dover, nikawapitisha majabali, nikawalaza, nikawaamsha. Nilijua kila ngazi. Mzee wa Al Ras alipouliza choo kiko wapi kati ya kituo cha pili na cha tatu, nilimwambia kiko wapi na mlango wake una rangi gani. Madam, ambaye hajui Kiswahili, alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Siku ya nne nikafika Cornwall. Nikasimama kwenye kitambaa, nikanyoosha mkono, nikasema kwamba saa tisa alasiri tutashuka kwenye basi na kuvuka polepole kwa miguu hadi kisiwani.

Bibi akainama, akaweka kidole kwenye ramani.

"Mwanangu, hapa si bahari?"

"Ni bahari, bibi. Lakini kuna njia ya mawe."

"Na saa hiyo maji yatakuwa wapi?"

"Yatakuwa pembeni."

"Pembeni yanangoja nini?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Kaka yake akajipiga paja. "Kwao maji hukaa mtungini! Yakhe, wewe umepata kuona bahari ikipwa?"

Bibi hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole, akitaja tarehe za mwezi wa Kiislamu. "Tunaondoka mwezi kumi na mbili. Siku ya nne ni mwezi kumi na tano. Mwezi mpevu huo. Maji yatakuwa bamvua." Akanitazama, akaona sijaelewa, akanieleza kama anavyoelezwa mtu mwenye akili. "Mwezi ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali sana na hurudi juu sana. Kwetu siku hizo maji hujaa saa kumi alasiri. Saa tisa wewe unatuvusha kwa miguu. Utatuvusha vipi?"

Nilihisi jasho likinitoka mgongoni chini ya shati nililolipiga pasi mara mbili. Nikasema jambo ambalo sikulijua.

"Kuna mashua, bibi. Maji yakijaa tutapanda mashua."

"Aa. Mashua." Akakubali kwa namna ya kutokubali.

Madam akaniuliza kwa Kiingereza wanasema nini, mbona wanacheka.

Hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo, zaidi ya kosa lenyewe. Nilimgeukia nikamwambia wanauliza kuhusu chakula cha siku ya nne, kama kitakuwa halali. Madam akaandika kwenye kijitabu chake: chakula, siku ya nne. Binti wa nyumba, ambaye alijua Kiingereza kunishinda, alisikia. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kumimina kahawa. Ratiba ikasainiwa.

Kesho yake nilifika ofisini mapema kuliko wote, nikatafuta majedwali ya kupwa na kujaa ya pwani ile. Yapo, bure, ya kila bandari na ya kila siku ya mwaka. Mimi niliyejua rangi ya mlango wa choo sikuwa nimewahi kuyafungua. Siku ya nne, maji yangejaa saa kumi na moja na nusu jioni. Njia ya mawe ingefunikwa kuanzia kama saa nane. Saa tisa, mahali ambapo niliandika viatu visivyoteleza, bibi angekuwa na maji kiunoni.

Mashua zipo kweli. Hilo nililigundua siku hiyo hiyo, na halikunifariji hata kidogo, kwa sababu nilipolisema lilikuwa uongo. Tena siku bahari inapochafuka mashua hazitoki.

Nilikaa na karatasi ile mbele yangu. Suluhisho lilikuwa rahisi: kisiwa kihamie saa nne asubuhi, njia ikiwa kavu, na makumbusho ya wavuvi, niliyokuwa nimeyapanga asubuhi, yahamie mchana. Ningeweza kulibadilisha kwa dakika kumi. Lakini badiliko lilihitaji sahihi mbili, na huwezi kuomba sahihi bila kusema sababu. Nilifikiria kusubiri, kisha siku yenyewe nimpigie mwenzetu aliyeko safarini nimwambie awawahishe, kana kwamba ni mambo ya foleni. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikapiga hesabu ya siku zilizobaki katika majaribio yangu, zilikuwa kumi na tisa. Kisha nikakumbuka miguu ya bibi imenyooshwa juu ya ramani, myembamba, na soksi zake za pamba.

Madam alipoingia sikumwacha aweke hata mkoba.

"Madam, jana sikukwambia kweli. Hawakuuliza chakula."

Nilimweleza yote, pamoja na mashua. Alivua miwani akaisafisha kwa upindo wa sari yake, kazi aliyoifanya taratibu mno.

"Kosa la maji nalielewa," akasema mwishowe. "Mimi pia mwaka wangu wa kwanza niliwapeleka watu makumbusho siku ya kufungwa. Lakini mimi pale sebuleni nilikuwa sina masikio. Wewe ndiye ulikuwa masikio yangu."

"Ndiyo, madam."

"Nani aliyekukamata?"

"Bibi."

"Basi nenda kwa bibi. Peke yako. Akisaini, nasaini. Asiposaini, khalas, tutaongea mambo mengine."

Nilipanda basi kwenda Deira nikiwa na kitambaa changu chini ya kwapa. Bibi alikuwa peke yake sebuleni, anachambua mchele kwenye sinia ingawa mchele wa hapa hauna mawe. Nilitandika ramani, nikakaa chini, nikamwambia kwamba sikuwa nimejua habari ya maji, kwamba mashua nilizitaja kwa kujiokoa, na kwamba nilimdanganya madam mbele yake.

"La madam binti yangu alinambia," akasema. "La mashua nalijua mwenyewe. Ulipolitaja ulitazama dari."

Nikamwonyesha jedwali. Akaomba nimsomee saa za kila siku ya ziara, na kila nilipozitaja alifumba macho, akazitikisia kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani wa zamani. Tulipofika siku ya saba akanisimamisha. Siku hiyo wangekuwa Saint-Malo, Ufaransa, mji wa ukuta, ambako pia kuna kisiwa kidogo cha kuvukia kwa miguu. Nilikuwa nimekipanga saa tisa alasiri vilevile.

"Na hiki je? Mwezi kumi na nane huo. Bado bamvua halijalala. Ondoa."

Nilitazama jedwali. Nikalitazama tena. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, na sasa ningelazimika kumpinga.

"Hapana, bibi. Hapa saa tisa ni sawa."

"Sawa vipi? Kwetu—"

"Kwenu ni kwenu, bibi. Kila bandari ina saa yake. Siku hiyo Saint-Malo maji yatajaa asubuhi saa tatu na nusu, na alasiri yatakuwa yametoka kabisa. Njia itakuwa kavu tangu saa nane. Tazama."

Alichukua karatasi akaisogeza karibu na pua, akaifuata mistari kwa kidole.

"Maji kujaa saa tatu mwezi kumi na nane," akasema. "Bahari ya Wafaransa haina adabu."

"Nimehakikisha mara tatu, bibi. Majedwali mawili tofauti."

"Nimekuamini. Leo hukutazama dari." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu. Lakini nina sharti."

Nilidhani atataka kipunguzwe kitu, au hoteli ibadilishwe. Alitaka nirekodi upya maelezo ya kisiwa cha Cornwall.

"Vile ulivyosoma, unanitisha. Kama mtu wa taarifa ya habari. Hukohoi, humezi mate. Mie sisafiri na redio. Kaa hapo unielezee kama ulivyonielezea sasa hivi, na useme palepale kwamba ulitaka kutuvusha saa tisa."

"Niseme kosa langu, bibi? Kaka yako atanicheka safari nzima."

"Atakucheka hata ukinyamaza."

Nikaweka simu juu ya sinia, karibu na mchele, nikamweleza. Niliongea mara moja tu. Katikati nilikohoa, bibi akasema "pole," na neno hilo limo kwenye rekodi. Mwishoni nilisahau jina la kijiji nikalikumbuka baada ya kimya. Mkono wangu ulitaka kufuta. Bibi aliichukua simu akaiweka chini ya mto.

Alisaini kwa herufi za Kiarabu, pole pole, jina lake lote na la baba yake. Madam akasaini chini yake jioni ile.

Siku ya nne ya ziara nilikuwa mezani kwangu Al Mankhool. Kule ilikuwa asubuhi, huku adhuhuri imepita. Nilikuwa nimeagiza chai ya karaki, ile nzito ya maziwa, nikaisahau mpaka ikafanya utando. Nilikuwa na uhakika na jedwali, na bado nililifungua tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na kabla ya sauti ya mtu nilisikia upepo na ndege wa baharini.

"Wa bara!" Alikuwa mzee wa Al Ras, anapumua kwa nguvu. "Tuko katikati ya njia yako. Kukavu kama Satwa. Maji yapo kule pembeni, yanangoja!" Nyuma yake watu walikuwa wanacheka, na bibi akasikika akimwambia anyamaze atazame anapokanyaga. Kisha bibi akaikaribia simu. "Mwanangu, mawe yanateleza. Hilo la viatu ulisema kweli."

Madam alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliniuliza wanasema nini. Nilimfasiria neno kwa neno, pamoja na "wa bara" na "yanangoja," na nikamweleza kwa nini wanacheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Leta picha mbili za pasipoti kesho," akasema. "Za kitambulisho kipya."

Tangu wakati huo nimepanga ziara nyingi za pwani zile mbili, na bado sijazikanyaga. Bado narudia vitu, bado napiga pasi shati mara mbili. Lakini ukurasa wa kwanza wa kila ratiba yangu sasa una orodha ya mambo ambayo sijayahakikisha, na naisoma kwa sauti mbele ya wateja, na mbele ya madam kwa Kiingereza, kabla sijatandika ramani.